Fimbo ya Mbali Haiui Nyoka: Historia ya Mafunzo ya Kukabili Mikurupuko ya Magonjwa

Popote ulipo, iwe ni Nkubu mjini, Kanyakine, Igoji, Mitunguu au kule juu kwenye mashamba ya majani chai ya Kionyo, tulia kwa dakika chache tuzungumze.

Vipindi vingi vya afya huzungumzia ugonjwa mmoja mmoja: leo malaria, kesho kifua kikuu, kesho kutwa kipindupindu. Leo tutazungumzia jambo linalopaswa kuja kabla ya ugonjwa wenyewe. Tutaangalia historia ya jinsi watu wetu walivyofunzwa, na wakati mwingine walivyokosa kufunzwa, kukabili magonjwa yanayozuka ghafla na kuua watu wengi kwa muda mfupi.

Wazee walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Nyoka akiingia jikoni, fimbo nzuri iliyo kwa jirani ng'ambo ya mto haikusaidii. Ndivyo ilivyo na mikurupuko ya magonjwa. Daktari bingwa aliye Nairobi au Geneva ana fimbo nzuri sana. Lakini anayemwona mgonjwa wa kwanza ni mama mzazi, ni mhudumu wa afya kijijini, ni muuguzi wa zahanati. Historia yetu ya zaidi ya miaka mia moja inaonyesha kwamba maisha ya wengi hutegemea mambo mawili: je, huyo aliye karibu amefunzwa? Na akisema, je, anasikilizwa?

Wakati wa moto na karantini

Tuanzie mwaka wa 1902. Mji wa Nairobi ulikuwa na miaka mitatu tu tangu reli ifike hapo. Ugonjwa wa tauni, ule unaoenezwa na viroboto wa panya, ulizuka katika soko la Wahindi. Serikali ya kikoloni ilifanya nini? Ililichoma soko hilo moto. Hapakuwa na kikosi kilichofunzwa kuwatafuta wagonjwa nyumba hadi nyumba, wala watu wa kueleza wakaazi namna ya kujikinga na panya. Kiberiti kilikuwa rahisi kuliko mafunzo.

Mwaka wa 1921 ikaja Sheria ya Afya ya Umma, ambayo Wakenya wengi huijua kama Sura ya 242. Iliwapa maafisa wa afya uwezo wa kutenga wagonjwa, kufunga mahali penye hatari na kudai taarifa za magonjwa fulani. Sheria hiyo, pamoja na marekebisho yake, imekuwa msingi wa kazi ya afisa wa afya ya umma kwa miaka mingi. Lakini, mpenzi msikilizaji, sheria humpa afisa amri mkononi. Haimpi macho ya kuona ugonjwa mapema. Macho hayo huletwa na mafunzo na kwa kuaminiwa na watu.

Kwa sababu hiyo, kwa miaka mingi wananchi walizoea kumwona afisa wa afya kama askari. Akionekana kijijini, watu walidhani amekuja kufunga choo, kupiga hoteli kufuli au kushtaki mtu. Mahali ambapo watu humkimbia afisa wa afya, ugonjwa hufichwa. Na ugonjwa uliofichwa huenea.

Somo la ndui

Ushindi mkubwa wa kwanza ulioonyesha njia nyingine ulikuwa dhidi ya ndui. Ugonjwa huu uliwaua na kuwatia makovu watu duniani kote kwa karne nyingi. Katika miaka ya mwisho ya vita dhidi ya ndui, Shirika la Afya Duniani halikutegemea chanjo peke yake. Lilitegemea kutafuta. Watu wa kawaida walifunzwa kwa muda mfupi, wakapewa picha ya mtu mwenye ndui, wakazunguka kijiji kwa kijiji, soko kwa soko, wakiuliza, "Je, umemwona mtu mwenye vipele kama hivi?" Mgonjwa alipopatikana, alitengwa na wote waliomzunguka wakachanjwa.

Kenya ilipata wagonjwa wake wa mwisho mwaka wa 1977, na ugonjwa huo ulikuwa umevuka mpaka kutoka Somalia. Mgonjwa wa mwisho duniani aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida aliugua Oktoba mwaka huo huo katika mji wa Merka, Somalia. Jina lake ni Ali Maow Maalin, na kazi yake ilikuwa upishi hospitalini. Alipona. Miaka mingi baadaye alijiunga na kampeni ya kuchanja watoto dhidi ya polio, akiwaeleza wazazi yaliyompata yeye, na aliendelea na kazi hiyo mpaka karibu na kifo chake mwaka wa 2013.

Angalia jambo moja hapo. Waliomaliza ndui hawakuwa madaktari bingwa peke yao. Walikuwa pia watembeaji, wenye picha mkononi na swali moja mdomoni.

Mvua za El Niño na safari ndefu ya sampuli

Baada ya ushindi huo, nchi nyingi zililala. Tulizinduliwa na mvua za El Niño za 1997 na 1998. Barabara zilikatika, mito ikafurika, kipindupindu kikasambaa. Desemba 1997 habari zikatoka Garissa kwamba watu wanakufa huku wakivuja damu, na mifugo inakufa na kuharibu mimba kwa wingi.

Ulikuwa ugonjwa gani? Sampuli za damu zilibidi zisafirishwe hadi maabara za Afrika Kusini na Marekani. Jibu liliporudi, ilikuwa Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa unaoenezwa na mbu na kwa kugusa damu au nyama ya mnyama mgonjwa. Jambo la kushangaza ni kwamba virusi hivi vilitambuliwa kwa mara ya kwanza duniani hapa hapa Kenya, karibu na Naivasha, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Jina lake lenyewe ni la kwetu. Lakini kuutambua, tulisubiri majibu kutoka ng'ambo. Watu 478 walikadiriwa kufa kaskazini mashariki mwa Kenya na kusini mwa Somalia.

Hatukuwa peke yetu. Mwaka wa 1995 Ebola ilizuka Kikwit, nchini Zaire ya wakati huo, na kuua takribani watu 250. Mwaka wa 1996 homa ya uti wa mgongo iliua maelfu katika nchi za Afrika Magharibi. Kila mara habari zilichelewa, na msaada ulifika wengi wakiwa wamekwisha kuzikwa. Kwa hivyo, Septemba 1998, mawaziri wa afya wa Afrika walikutana Harare, Zimbabwe, wakakubaliana juu ya mpango mmoja wa kufuatilia magonjwa kwa pamoja. Badala ya kila ugonjwa kuwa na fomu zake, gari lake na semina zake, kila kituo cha afya kingetoa taarifa moja kwa wakati.

Ukiwahi kumwona muuguzi wa zahanati akijaza fomu ya kila wiki iitwayo MOH 505, hiyo ndiyo mbegu ya mkutano wa Harare. Fomu hiyo huuliza: wiki hii umeona wangapi wenye dalili za kipindupindu? Wangapi wenye surua? Wangapi wenye homa ya uti wa mgongo? Hata jibu likiwa sufuri, sufuri hiyo ni habari. Inamaanisha mtu ameangalia na hakuona.

Daktari Matthew wa Lacor

Oktoba mwaka wa 2000, wauguzi wanafunzi walianza kufa katika Hospitali ya Lacor, karibu na mji wa Gulu, kaskazini mwa Uganda. Lacor ni hospitali ya misheni ya Kikatoliki, iliyo mbali na mji mkuu, na inayofunza wauguzi. Wasikilizaji wa Nkubu mnaoijua Hospitali ya Consolata mtaielewa picha hiyo bila kuchorewa.

Mganga mkuu wa Lacor, Dkt. Matthew Lukwiya, alikuwa Kampala akisomea shahada ya afya ya umma. Wenzake walimpigia simu, akarudi. Alikaa na faili za wagonjwa pamoja na kitabu cha mwongozo juu ya homa zinazovujisha damu, kilichoandikwa mahususi kwa hospitali za Afrika. Alipolinganisha dalili, aliona kwamba huenda ni Ebola. Hakusubiri maabara. Aliwatenga wagonjwa katika wodi yao, akapanga wahudumu wa kujitolea na mavazi ya kujikinga, na akatoa taarifa kwa wakubwa wa wizara. Siku chache baadaye maabara ilithibitisha.

Katika mkurupuko ule watu 425 waliugua na 224 wakafa. Dkt. Lukwiya mwenyewe aliambukizwa, akafariki tarehe 5 Desemba 2000. Wafanyakazi wenzake kadhaa wa hospitali hiyo walikufa pia.

Tumkumbuke kwa heshima, lakini tujifunze pia. Mwongozo ulikuwa tayari kabla ya ugonjwa. Daktari alikuwa na mafunzo ya kuutumia. Wenzake walikuwa na ujasiri wa kupiga simu kusema, "Hapa kuna jambo lisilo la kawaida." Lau moja kati ya hayo matatu lingekosekana, ni nani ajuaye Ebola ingefika wapi?

Mahindi ya mwaka wa 2004

Sasa turudi nyumbani. Kabla ya kaunti kuanza mwaka wa 2013, Meru, Embu, Machakos, Makueni na Kitui zote zilikuwa katika mkoa mmoja, Mkoa wa Mashariki, makao makuu yakiwa Embu. Kisa hiki basi ni cha mkoa wetu.

Mwaka wa 2004, wagonjwa wenye macho ya manjano, tumbo kuuma na kutapika walianza kufika hospitalini kutoka Makueni na Kitui. Ini zao zilikuwa zikiharibika, na wengi walikufa haraka. Wengine walishuku homa ya manjano, wengine wakasema ni uchawi. Hadi tarehe 20 Julai mwaka huo, wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa, na 125 kati yao walikuwa wamekufa. Yaani katika kila watu kumi waliougua, karibu wanne walikufa.

Chanzo chake kilikuwa chakula cha kila siku: mahindi. Mahindi yanapovunwa yakiwa na unyevu na kuhifadhiwa bila kukauka, huota kuvu. Aina fulani ya kuvu hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hii haiondoki yote kwa kupika, wala kwa kuosha, wala kwa kukoboa kuwa muthokoi. Wachunguzi waligundua kwamba wengi wa waathiriwa walikuwa wamekula mahindi ya shambani mwao wenyewe, waliyoyahifadhi yakiwa mabichi ndani ya nyumba. Mahindi mengi yaliyopimwa katika maeneo hayo yalizidi kiwango cha sumu kilichoruhusiwa na serikali, na mengine yalikizidi mara hamsini.

Wachunguzi hao walikuwa akina nani? Mpenzi msikilizaji, hapa ndipo historia inapogeuka. Mwaka huo huo wa 2004, Wizara ya Afya, ikisaidiwa na kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, ilikuwa imeanzisha mafunzo ya wachunguzi wa magonjwa nyanjani na maabara, yanayojulikana kwa kifupi kama FELTP. Wanafunzi wa kwanza walikuwa hata hawajakaa darasani sawasawa, wakaitwa Makueni na Kitui. Walikwenda pamoja na wataalamu wa wizara na wageni, wakahoji familia zilizougua na majirani ambao hawakuugua, wakauliza mahindi yalivunwa lini na kuwekwa wapi, wakachukua sampuli kutoka maghala na maduka. Serikali ikaondoa mahindi yenye sumu na kuwapa watu chakula kingine.

Wazo la mafunzo hayo lilianzia Marekani mwaka wa 1951, chini ya Dkt. Alexander Langmuir. Nembo ya wachunguzi wake ni soli ya kiatu iliyotoboka, kuonyesha kwamba mchunguzi wa ugonjwa hutembea mpaka kiatu kikaisha. Mwaka wa 1980 Thailand ikaanzisha mpango kama huo, kisha nchi nyingine zikafuata. Mwanafunzi husoma kwa miaka miwili, lakini muda mwingi huwa nje ya darasa, akifanya kazi halisi. Madaktari wa watu, madaktari wa mifugo na wataalamu wa maabara husoma pamoja. Kenya ilipoanza, iliwafunza pia watu wa nchi jirani, na Tanzania ikaanzisha mpango wake mwaka wa 2008.

Lakini kisa cha mahindi kina upande mwingine, nao unauma. Sumu hii haikuwa ngeni. Mwaka wa 1981, wagonjwa 20 walilazwa katika hospitali tatu za Machakos wakiwa na ini lililoharibika, na 12 wakafa. Chanzo kilikuwa mahindi yale yale. Na familia za wagonjwa zilieleza kwamba kwanza walikufa njiwa, kisha mbwa, ndipo watu. Fikiria hayo. Nyumbani waliona njiwa wakianguka. Waliona mbwa wakifa. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yalikuwa wazi. Lakini hapakuwa na mtu aliyefunzwa kuuliza juu ya njiwa, wala mahali pa kupeleka habari hiyo.

Kumbukumbu za 1981 ziliwasaidia wataalamu wa 2004 kushuku mahindi mapema. Hiyo ndiyo faida ya kuandika. Hata hivyo, miaka 23 ilikuwa imepita, na mkulima wa kawaida alikuwa hajaelezwa vya kutosha kwamba mahindi mabichi ndani ya nyumba yanaweza kuzika familia.

Wafugaji walijua kwanza

Mwishoni mwa 2006 mvua kubwa zilirudi, na Homa ya Bonde la Ufa ikarudi nayo. Safari hii tulikuwa tumebadilika. Sampuli zilithibitishwa Nairobi, katika maabara ya Taasisi ya Utafiti wa Kitiba, KEMRI. Maabara ndogo ikapelekwa Garissa kwenyewe. Wanafunzi wa FELTP walikuwa nyanjani pamoja na madaktari wa mifugo. Onyo lilikuwa limetolewa mwezi Novemba, kutokana na picha za setilaiti zilizoonyesha mvua na majani mengi.

Je, tulishinda? Si kabisa. Chanjo ya mifugo ilianza kutolewa Januari 2007, wakati ugonjwa ulikuwa umekwisha kuenea. Nchini Kenya pekee, zaidi ya watu 150 walikufa. Ugonjwa ukavuka hadi Somalia na Tanzania.

Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha jambo la kufikirisha. Wafugaji wa Kisomali walikuwa wameitambua hatari mapema kuliko setilaiti. Walijua mvua za aina ile, waliona mbu wa aina ile, na walikuwa na jina lao la ugonjwa huo, linalotokana na damu ya puani. Fimbo ilikuwa karibu, lakini haikuulizwa.

Kutoka Nairobi hadi kijijini

Juni 2007 kanuni mpya za afya za kimataifa zilianza kutumika. Kanuni za zamani ziliangalia magonjwa machache tu, yaani kipindupindu, tauni na homa ya manjano. Kanuni mpya zinaitaka kila nchi iwe na uwezo wa kugundua na kuripoti hatari yoyote kubwa, hata ile isiyo na jina bado. Kisha, kati ya 2014 na 2016, Ebola iliua zaidi ya watu 11,000 Afrika Magharibi, na dunia ikaona gharama ya kuziacha zahanati bila macho.

Kuanzia 2014, Kenya ilianza kozi fupi ya miezi mitatu kwa wafanyakazi wa kaunti na kaunti ndogo. Haikumtaka muuguzi au afisa wa afya aache kazi miaka miwili. Anasoma kwa siku chache, anarudi kituoni kwake kukagua takwimu zake mwenyewe, kisha anarudi kueleza alichokuta. Mwaka wa 2017 wataalamu kutoka nje walishirikiana na wenzao wa Kenya kupima utayari wa nchi nzima. Tarehe 13 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa nchini, na waliopitia mafunzo hayo wakawa miongoni mwa walioitwa kwanza kuwafuatilia waliokutana na wagonjwa. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu 100,000 wa afya ya jamii, kila mmoja akikusudiwa kuhudumia takribani nyumba mia moja, akiwa na mkoba wa vifaa na simu ya kutumia kuripoti.

Ukiangalia vizuri, mpenzi msikilizaji, fimbo imekuwa ikisogea karibu. Ilikuwa Atlanta, ikaja Nairobi, ikaja Meru, na sasa inapaswa kuwa mlangoni pako.

Semina si maandalizi

Hapa lazima tuseme ukweli. Kila mtu anayefanya kazi ya afya amewahi kuona semina ambayo watu walihudhuria, wakapewa cheti na marupurupu, na mambo yakaishia hapo. Amewahi kuona mpango mzuri wa dharura, uliotungwa na washauri wa kulipwa, umefungiwa kabatini na ufunguo uko na mtu aliyehamishwa. Mpango wa namna hiyo ni mbaya kuliko kukosa mpango, kwa sababu unatudanganya kwamba tuko tayari.

Mafunzo mazuri yana alama zake. Kwanza, yanahusu mahali penu. Mpango wa Nkubu hauwezi kunakiliwa kutoka Mombasa. Hapa kuna barabara kuu ya Embu na Meru, kuna soko linaloleta watu kutoka nyanda za juu na za chini, kuna shule za bweni, kuna mito ambayo watu wengi huchota maji. Mshauri wa kweli huanza kwa kuuliza na kutembea, ndipo aandike.

Pili, yana mazoezi. Kuna zoezi la mezani, ambalo halihitaji fedha nyingi. Wahusika hukaa pamoja: mganga wa hospitali, muuguzi wa zahanati, afisa wa afya ya umma, daktari wa mifugo, chifu, mwalimu mkuu, mtu wa maji. Msimamizi anasema, "Ni Ijumaa saa kumi jioni. Wanafunzi 15 wa shule ya bweni wanahara maji maji. Utafanya nini?" Mmoja anasema atapiga simu. Kwa nani? Nambari iko wapi? Gari lina mafuta? Dawa ya kutibu maji iko stoo? Nani ana ufunguo Jumamosi? Katika saa moja mtajua mianya yote, bila mtoto hata mmoja kuugua.

Tatu, hayahusu magonjwa peke yake. Bomu la Nairobi la tarehe 7 Agosti 1998 liliua watu 213 na kujeruhi maelfu, na hospitali zikafurika kwa saa chache. Julai 2022, basi lililokuwa likitoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia kwenye daraja la Nithi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Basi hilo lilipita barabara yetu. Hospitali iliyofanya mazoezi ya kupokea majeruhi wengi kwa pamoja, na kuwatenganisha kulingana na uzito wa hali zao, huokoa watu ambao wangekufa kwenye foleni.

Nne, yana kipimo. Mwaka wa 2021 wataalamu walipendekeza kipimo rahisi cha saba, moja, saba: ugonjwa ugunduliwe ndani ya siku saba tangu uanze, taarifa itolewe ndani ya siku moja, na hatua za kwanza zikamilike ndani ya siku saba. Cheti ukutani hakionyeshi kama tunaweza kufanya hivyo. Saa na kalenda ndizo zinazoonyesha.

Sehemu yako

Huenda unasema, "Hayo ni ya wakubwa." La hasha. Njiwa wa Machakos hawakuonekana na wakubwa. Ukiona watu wawili au zaidi mtaani kwenu wana dalili kali zinazofanana ndani ya wiki moja, mwambie mhudumu wa afya ya jamii au nenda zahanati ukaseme. Ukiona kuku, mbuzi au ng'ombe wanakufa kwa wingi, mwambie daktari wa mifugo, na usichinje mnyama huyo wala kumla. Usingoje uhakika. Kutafuta uhakika ni kazi ya waliofunzwa.

Nao viongozi wetu, tuna haki ya kuwauliza kwenye baraza na kwenye vikao vya bajeti: Zoezi la mwisho la dharura lilifanyika lini hapa? Nani alihudhuria? Waliofunzwa wakihamishwa, nani hufunzwa badala yao? Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa mkurupuko hujengwa kwa majeneza.

 

Mambo ya kukumbuka

1. Mgonjwa wa kwanza huonekana na mtu wa karibu. Huyo ndiye wa kufunzwa na kusikilizwa kwanza.
2. Kausha mahindi vizuri, yahifadhi juu ya chaga mahali pakavu penye hewa. Yaliyoota kuvu usile, usilishe mifugo, usiuze.
3. Vifo vya wanyama vinaweza kuwa onyo kwa watu. Toa habari mapema.
4. Mpango wa dharura usiofanyiwa mazoezi ni karatasi tu.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Mkurupuko wa kuhara ukizuka kijijini kwetu usiku wa leo, tutamwambia nani kwanza? Je, tuna nambari yake?
2. Ni habari gani ambazo watu wa hapa huficha wasimwambie afisa wa afya, na kwa nini?
3. Mwaka huu, mahindi yetu yamehifadhiwa wapi, na nani ameyakagua?